Kitufe Kilichoandikwa SIMAMISHA

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Shahidi: anajulikana kwa jina la Mama Cherehani. Umri: miaka 52. Kazi: kushona nguo. Makazi: nyumba za nyuma ya kiwanda cha mbao, ukuta kwa ukuta na mdogo wake wa kiume. Uhusiano na mtuhumiwa: wifi yake.

Mimi ndiye niliyeandikisha hapa juzi kwamba wifi yangu alimsaga mume wake mkono kwa makusudi. Leo nimekuja kwa miguu yangu, sijatumwa na mtu, kusema yaliyobaki.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mwaka jana alianguka kutoka juu ya paa, miguu ikafa ganzi mpaka leo. Hospitali walisema lazima asimamishwe kila siku, hata kwa kufungwa mikanda, la sivyo mwili utamharibikia. Rafiki yake, fundi wa kompyuta, akatutengenezea kitanda cha ubao kinachoinuka chenyewe. Chini kuna mota mbili ndogo zinazozungusha skrubu ndefu, nazo zinaamriwa na programu iliyo kwenye kompyuta ya mezani, pale dirishani. Unabonyeza kwenye skrini, mota zinavuma, mgonjwa anainuka kidogo, zinanyamaza. Ukibonyeza tena, anainuka tena; ukibonyeza mfululizo, zinajumlisha zote, hazinyamazi mpaka zimalize.

Maneno ya kwenye vitufe niliyasimamia mimi. Fundi alikuwa ameweka ya Kizungu, nikamwambia, "Hebu tuwekee Kiswahili, humu hamna profesa." Akaandika LAZA, SIMAMISHA na KOMA. SIMAMISHA ni ya kumwinua mgonjwa akawa wima. Hiyo KOMA, ya kuzuia mota, niliikataa. Nani anamwambia mgonjwa koma, kwani kaiba? Fundi akacheka, akaibadilisha ikawa TULIA. Akaiweka pembeni.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa kumi jioni, nilikuwa nimekaa mlangoni kwao nikishona pindo la gauni la mteja. Wifi alikuwa kwenye kompyuta. Mdogo wangu amefungwa mikanda kifuani na magotini, ubao umefika nusu. Mkono wake wa kulia ukateleza, ukaingia kati ya ubao na chuma cha fremu. Akapiga yowe. Mimi nikapaza sauti: "Simamisha! Simamisha, wewe!"

Wifi akabonyeza. Ubao ukapanda. Nikazidi kupiga kelele, simamisha, simamisha, naye akazidi kubonyeza, na kila akibonyeza nasikia mkono wa mdogo wangu unavyosagika. Nikamrukia, nikamsukuma akaanguka, nikamwita muuaji, majirani wakajaa. Hayo niliyaandikisha. Ambalo sikuandikisha ni kwamba ni yeye, akiwa pale pale sakafuni, aliyetambaa akachomoa waya ukutani. Ndipo mota ziliponyamaza. Mimi nilikuwa nashughulika kumpiga.

Afande ameniuliza kwa nini nililiruka hilo. Sitaficha, huyu wifi simpendi. Tangu aolewe tunanuniana kwa mambo ya kipuuzi, kamba ya kuanikia nguo, nani kamwaga maji mlangoni. Nilipoona ile damu, moyo ulisema ni yeye tu, na mdomo ukafuata.

Jana saa nne asubuhi nilikwenda hospitali. Wamemkata vidole vitatu. Mtu hana miguu, alikuwa amebakiwa na mikono, sasa na huo wa kulia ndio hivyo. Akaniuliza, "Mke wangu yuko wapi?" Nikamwambia yuko ndani, polisi. Akanitazama weee.

"Dada," akasema, "si wewe uliyemwambia asimamishe?"

"Nilimwambia aizuie!"

"Hukusema zuia."

Akageukia ukutani. Nililia njia nzima, watu wananiangalia.

Nilipofika nyumbani nikamwita fundi, nikamwambia awashe kompyuta bila kuunganisha mota. Nikakaa kwenye kiti cha wifi. Nikamwomba fundi asimame mlangoni anipigie kelele kama nilivyopiga mimi. Akapaza, "Simamisha!" Afande, kidole changu kilikwenda chenyewe, kikabonyeza SIMAMISHA. Na mimi nilikuwa najua! Yeye je, ambaye mume wake alikuwa analia mbele yake?

Wifi hakukusudia. Alitii nilichomwamrisha, ikawa balaa. Namwombea atoke leo, si kesho. Kama kuna mtu wa kuwekwa ndani kwa kupiga mwenzake, mimi hapa. Nimeyasema haya nikiwa na akili zangu timamu, na safari hii sikubakiza kitu tumboni.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, mpelelezi wa zamu, nikamsomea shahidi kwa sauti, akakubali kuwa ndivyo alivyosema. Baada ya kutia sahihi aliomba aonane na mtuhumiwa, hata kwa dakika moja. Nilikwenda mahabusu nikamwambia mtuhumiwa kwamba wifi yake yuko hapa, anataka kumwona. Mtuhumiwa amejibu kwamba yeye hana wifi.