Oveni ya Ukutani na Chetezo cha Mama

Jumatatu, 5 Julai 1993

Oveni imepoa, nimeisafisha. Maji ya moto, sabuni, kitambaa laini. Vitundu vya moto nimevizibua kimoja kimoja kwa pini, nikafuta, nikaacha vikauke. Kisha nikawasha kujaribu. Moto wa buluu mwanzo hadi mwisho. Ukiwa wa manjano ujue kuna uchafu mahali. Wangu haujawahi kuwa wa manjano. Sijisifu, nasema kweli. Haya, najisifu kidogo.

Mtaa wetu huu wa Kiembeni hakuna mwenye oveni ya ukutani ila mimi. Niliinunua kwa pesa zangu za mikate, kwa Mzungu mmoja wa Nyali aliyekuwa akirudi kwao. Athumani alitoboa ukuta mwenyewe, fundi akaja kuifunga. Mtungi wa gesi uko nje, chini ya dirisha la jikoni. Majirani bado huja kuitazama kama bibi arusi.

Kesho kutwa anakuja mama yake Athumani kutoka Mtongwe. Akipapenda atakaa nasi moja kwa moja, kule amebaki peke yake. Namtaka kwa moyo wote. Ila asubuhi Athumani kasema neno lake: mama akiliogopa hilo dude, au likileta balaa lolote, analing'oa na ukuta anauziba kwa saruji. Nimemjibu kwamba mama yake atalipenda kuliko anavyompenda yeye. Kacheka. Mimi sikuwa natania.

Jumatano, 7 Julai

Kaja. Kapu la muhogo, nazi, na chetezo chake cha udongo kimefungwa ndani ya leso mbili kisivunjike. Shikamoo, marahaba, habari za huko, mpaka maji ya kunywa yakapata moto mkononi mwangu. Mama ni mwembamba, amenyooka, anatunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Nikamwonyesha oveni. Akauliza makaa ya juu yanawekwa wapi. Nikamweleza hakuna makaa, juu wala chini. Nikamwonyesha mpango wangu: fungua mlango wa oveni kwanza, angalia ndani hamna kitu, washa kiberiti, ndipo ufungue gesi. Ukifungua gesi kwanza halafu ukaanza kutafuta kiberiti, moto utakurukia usoni. Ukimaliza, zima, kisha toka nje ukafunge mtungi. Akasikiliza vizuri. Hakuogopa hata kidogo.

Nikampikia mkate wa mayai. Iliki nimeitia bila ubahili. Nyumba nzima ilinukia, jirani alipiga kelele kutoka kwake kuuliza kuna nini. Mama kimya. Hakusema neno mpaka nilipoweka sahani mbele yake. Mtu yeyote husema kitu mkate ule ukiwa motoni. Nimeumia, sifichi.

Ijumaa, 9 Julai

Jana magharibi Mama alifukiza ubani, kama ilivyo ada usiku wa kuamkia Ijumaa. Nami nafukiza, lakini si vile. Moshi ulituziba pumzi. Athumani alikohoa mpaka akatoka nje. Jirani kaniuliza leo kama tunafukuza shetani. Nilimwomba Mama apunguze kidogo, akanitazama kwa mshangao, akasema mbona ni chembe tu.

Mtungi nilikuwa nimekwisha ufunga kabla hajaleta makaa. Sheria ni sheria. Gesi na chetezo havikai chumba kimoja.

Jumatatu, 12 Julai

Nina hasira. Mikate ya arusi ya jirani, sinia nzima, imeungua.

Nilikuwa nimemwambia Mama: natoka kuanika nguo, ukisikia tu harufu ya mkate unaiva, niite. Kaitikia. Nipo kwenye kamba, harufu ya kuungua ikanifikia huko nje. Nikaingia mbio. Moshi unatoka pembeni mwa mlango wa oveni, na Mama amekaa pale pale, mgongo ameupa oveni, anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

Nikazima, nikaacha mlango umefungwa mpaka moshi ukatulia. Sikumwambia kitu, maana ningesema lisilosemeka. Lakini moyoni nimelisema. Hanipendi. Analipiga vita dude langu kimyakimya, anataka mwanawe aling'oe. Athumani aliporudi kazini Changamwe alinusa mlangoni akasema, balaa moja hiyo. Nimepika mikate mingine. Imetoka mizuri. Kwa hilo hanipati mtu.

Alhamisi, 15 Julai

Naandika haya kabla sijalala.

Nilikwenda Kongowea kununua mayai. Niliondoka kwa haraka, oveni nimezima, mtungi sikuufunga. Mimi, mwenye sheria. Nimerudi jua linazama. Kufika mlango wa nyuma, harufu hiyo. Gesi, kama yai viza. Si ya kukisia, ilikuwa nzito kama ukuta. Na Mama anakuja kutoka uani, chetezo mkononi, makaa mekundu, anaelekea jikoni. Alikuwa karibu kuvuka kizingiti.

Nilimwambia, "Mama, simama hapo hapo." Akasimama. Nikachukua chetezo, nikakipeleka mwisho wa ua, nikakimwagia maji. Kikapasuka. Nikarudi nikafunga mtungi. Milango, madirisha, yote wazi. Swichi ya taa sikuigusa, cheche yake tu inatosha. Gesi hii hulala chini, basi tulikaa nje mpaka upepo ulipoifagia yote.

Baadaye nikafungua kabati la chini ya oveni. Mpira wa gesi umechanika pale unapoingia kutoka ukutani. Umekauka, ukiukunja unaonyesha mistari. Nilikuwa nimeuona mwezi uliopita. Nikasema utangoja.

Nikamgeukia Mama nikiwa na moto mdomoni. Nikamwuliza kweli hakuisikia harufu ile? Akakaa kwenye ngazi. Akanijibu taratibu.

"Sisikii kitu, mwanangu. Tangu ile homa ya mwaka jana. Hata ubani nautia kwa kukisia."

Hasira yote ikaniisha, nikakaa kando yake. Mkate wangu. Mikate ya arusi. Wiki nzima namwona mbaya, kumbe mwenzangu yumo gizani na hataki mtu ajue. Akaniomba nisimwambie Athumani. Anaogopa atafanywa mtu wa kukalishwa kitini, hashiki kisu wala kijiko. Nimemwahidi.

Ijumaa, 16 Julai

Nimemwambia Athumani habari ya gesi. Watu watatu tunalala nyumba hii, siwezi kumficha. Nimesema mpira ulichanika na mtungi niliuacha wazi. Yote kweli, yote yangu. La pua sikuligusa.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Kasema Jumapili analeta saruji.

Ningeweza kusema neno moja tu, kwamba mwenye pua nzima angeisikia gesi ile mapema, na lawama ingegawanyika. Sikusema, na sitasema. Lakini oveni yangu naililia. Nimelia kweli, jikoni, nikiwa nimeushika mlango wake.

Halafu nikanawa uso, nikaenda duka la vyuma nikanunua mpira mpya wa gesi na vibano viwili. Kama itang'olewa, ing'olewe ikiwa nzima.

Jumamosi, 17 Julai

Fundi kaja asubuhi, kafunga mpira mpya, kaenda zake. Mimi simwamini fundi mpaka nijaribu. Nikapiga povu la sabuni kwenye bakuli, nikafungua mtungi, nikapaka kila kiungo kwa brashi kuukuu. Povu likitulia, salama. Likianza kufura vipovu, gesi inatoka. Kamwe si kwa kiberiti. Wako watu hujaribu kwa kiberiti, na wako waliokuwa na nyusi zamani.

Mama alikuwa amechuchumaa kando yangu. Nimetazama, nimeridhika, nasimama. Akanishika mkono. "Pale, chini ya kibano." Sikuona kitu. Nikainama tena. Kipovu kidogo kama kichwa cha pini, kinafura, kinapasuka, kinafura tena. Nikakaza kibano kwa bisibisi. Tukapaka upya. Povu likatulia.

Akaniomba brashi. Akapaka viungo vyote yeye mwenyewe tangu mwanzo, polepole, akitazama kila kimoja. Hakunusa, wala hakuhitaji kunusa. Niliwahi kudhani pua ndiyo mlinzi wa gesi. Pua huzoea, ukikaa nayo haikuambii tena kitu. Sikuwahi kumtazama mtu kwa heshima namna ile.

Jumapili, 18 Julai

Athumani kaja na mfuko wa saruji begani, kauweka jikoni, katafuta patasi. Mimi nimesimama kando, mikono nyuma. Mama akaja akasimama kati yake na oveni.

Akamwambia, "Pua yangu imekufa, Athumani. Ling'oe hili, nami nitawaunguza kwa makaa vile vile. Bora uniache nikae na kitu kinachoonekana kwa macho."

Athumani akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Kaniuliza kama nilijua. Nikasema ndiyo. Sikujua atachukua upande gani. Akakaa chini sakafuni juu ya mfuko wa saruji, akamwuliza mama kwa nini hakumwambia. Mama akasema angemwambia nini, kwamba mchuzi anautia chumvi kwa kukumbuka? Wakacheka wote wawili, kisha Athumani akajifuta macho akisema ni vumbi.

Masharti yamewekwa, na aliyeyaweka ni Mama. Mpira unabadilishwa kabla haujachakaa, si baada. Kila Alhamisi yeye anapaka povu. Mtungi anaufunga yeye kwa mkono wake kabla kaa moja halijawashwa, na ubani unafukizwa barazani na vyumbani, jikoni hapana. Mimi nikitoka nyumbani, namwita, tunaukagua pamoja.

Saruji haikupotea. Athumani ameutengenezea mtungi msingi nje, umesimama sawa, na juu kauwekea kipande cha bati jua lisiupige. Tundu la hewa la jikoni, lililokuwa limezibwa na kiota cha ndege, kalizibua. Kapiga kazi mpaka adhuhuri huku akiimba. Oveni yangu ipo ukutani.

Alhamisi, 29 Julai

Siku tulivu. Povu asubuhi, viungo vyote vimetulia. Chetezo kipya nimemnunulia Mama, anasema si kizuri kama cha zamani, lakini anakitumia.

Alasiri nimeoka mkate wa mayai. Mama alivuta kigoda akakaa karibu na oveni, safari hii ameielekea. Akaniuliza, "Hebu nambia, wanukiaje?"

Nikamwambia iliki imeanza. Akasema bado. Nikakaa kidogo, nikamwambia sasa mayai na samli. Akafumba macho, akasema bado, ngoja sukari. Alikuwa akitabasamu. Nilingoja nikinusa kwa makini kuliko nilivyopata kunusa maishani. Sukari ilipokuja nikamwambia imekuja. Akasema, basi zima, mwanangu.

Nikazima, nikafungua. Umeiva, juu rangi ya asali, kisu kimetoka kikavu. Mama akatoka nje kwenda kufunga mtungi.