Kirsten na Soda ya Mama Yangu

Joleen uko hapo? Acha kila kitu usome hii. Nina wivu, sikufichi.

Unaijua ile masta yangu ya lishe ninayosoma mtandaoni. Tulipewa zoezi la kumshauri mgonjwa kwa video, ila ni marufuku kumshauri ndugu yako. Basi nikabadilishana na Kirsten, yule mwanafunzi mwenzangu wa Omaha, Marekani. Yeye amchukue mama yangu, mimi nimchukue baba yake.

Leo mwalimu kaonyesha video ya Kirsten darasa zima. Eti ndiyo ya mfano!

Mama YANGU, Joleen! Yule niliyemfichia soda, nikammwagia soda kwenye sinki, tukagombana mpaka Krismasi ikaharibika. Sukari inapanda na yeye hasikii la mtu.

Kirsten kamuuliza tu, tena kwa upole: "Mama, katika soda zote za siku, ipi ni ngumu kuiacha?"

Mama kamjibu: "Ya jioni. Mume wangu akitoka shambani tulikuwa tunagawana kopo moja. Siku hizi nanywa na fungu lake."

Akalia. AKALIA! Hata kwenye mazishi ya Baba hakutoa chozi mbele yangu, leo anamlilia Kirsten!

Nimempigia sasa hivi. "Mama, mbona mimi hukuniambia?"

"Kwani uliwahi kuniuliza, mwanangu? Wewe ulikuwa unamwaga tu."



Halafu, Joleen, kaniomba namba ya Kirsten.