Tezi Kumi na Moja

Jumatatu, 5 Mei
Nimepuliza chupa asubuhi, mara ishirini, zoezi la mapafu. Mrija, maji, mapovu, kama mtoto. Mshono wa ubavuni unavuta. Wiki ya nne hii tangu wanikate kipande cha pafu huko Dar, kile chenye uvimbe. Mdogo wangu Hoza ndiye aliyefuata majibu ya maabara. Anasema daktari karidhika. Basi mbona bahasha hanionyeshi? Nimeuliza mara tatu. Mara iko kwake, mara kaisahau. Mimi mwalimu mstaafu, kusoma naweza.

Jumatano, 7 Mei
Wageni tena. Kuku wawili, ndizi, na sura za msibani. Hakuna aliyeniuliza kabichi nitapanda lini. Mke wangu na Hoza walikuwa wakinong'ona Kishambaa uani. Nilipotokea wakaanza habari za mvua. Hoza analitaka shamba langu la bondeni, nani asiyejua. Simwamini hata kidogo.

Ijumaa, 9 Mei
Leo nimedanganya. Hoza alikuwa sokoni Lukozi. Nimekwenda kwake polepole, njiani nikapumzika mara mbili. Shemeji kanipa shikamoo, nikamwambia Hoza kanituma nichukue bahasha. Akanipa bila wasiwasi.

Kiingereza cha hospitali kigumu, nimehangaika na kamusi mpaka adhuhuri. Saratani. Hilo neno hakuna aliyewahi kunitajia. Halafu: tezi kumi na moja zimetolewa kifuani. Mimi niliambiwa kipande cha pafu tu. Nani aliwaruhusu? Wamezipeleka wapi?

Chini kabisa: arudi tarehe 15 kuanza dawa za dripu. Siku sita. Wangeniacha nife na bahasha iko sandukuni.

Jumamosi, 10 Mei
Nimempigia daktari aliyenipasua. Namba iko kwenye karatasi. Nilianza kwa ukali, akanisikiliza mpaka mwisho. Tezi hizo, anasema, ndimo saratani ya pafu hupitia ikitaka kusambaa. Zinatolewa zipimwe. Tisa safi, mbili zina ugonjwa. "Tungeziacha, mwalimu, tungekuambia umepona, nawe ungeamini." Ndiyo sababu ya dripu.

Hoza kaja mchana. Amelia. Eti aliogopa nikisikia saratani nitakata tamaa, na hiyo tarehe alikuwa bado anatafuta namna ya kuniambia. Baba yetu naye alifichwa hivyohivyo. Nikamwambia, na baba akafa. Nina hasira naye bado. Habari ya shamba sikuitaja, nimeona aibu.

Alhamisi, 15 Mei. Dar
Dripu imeanza saa nne. Mkono una baridi. Kabla yake nilimwacha Hoza nje, nikamuuliza daktari kama nitapona. Kasema wenye tezi kama zangu, wengine ugonjwa huwarudia, wengine huishi miaka mingi. Mimi niko upande gani, hajui. Nimemshukuru. Ni jibu la kwanza nililoliamini mwaka huu.

Jioni nimempigia mke wangu. Saratani nikaitaja mwenyewe. Kisha akasema afadhali, maana kulia peke yake kumemchosha.