Mayungiyungi Yako, Baba

Odense, mwezi wa Mei

Kwa Baba,

Natumaini hujambo. Sisi hatujambo, ingawa Mama hakunituma nikuambie.

Mbawakawa wekundu wamerudi kwenye mayungiyungi uliyoyapanda kabla hujahamia kwa mpenzi wako Lone. Kila asubuhi kabla ya shule nakinga kikombe cha maji ya sabuni chini ya jani, maana ukimgusa mmoja hujiangusha chali, na tumbo lake jeusi halionekani udongoni. Watoto wao hujipaka mavi yao wenyewe mgongoni. Nawaponda hivyo hivyo kwa vidole.

Jana Mama alisimama mlangoni na kahawa yake akinitazama.

"Waache wale, Tilde. Mwenyewe kayatupa."

"Hakuyatupa. Atakuja kuyachukua."

"Kakwambia nani? Haya, aje. Jumapili nayang'oa yote, napanda viazi."

Hukuniahidi kuja, Baba. Nimeahidi mimi kwa niaba yako, na sipendi kuitwa mwongo.

Njoo Jumamosi. Leta sepetu yako, hii yetu Mama hakuazimi. Lone abaki garini. Mizizi ya mayungiyungi, ile ya duara kama vitunguu, iko chini sana, kwa hiyo chimba taratibu, nitakushikia mashina.

Mwanao,
Tilde