Mlinzi wa Mazalia

Jumatatu, 3 Agosti 1987

Zamu ziwani kama kawaida. Ukungu. Ghuba wanakozalia sato imefungwa tangu masika; nyavu marufuku mpaka wakue. Wanawake wanaruhusiwa kutega furu, wale samaki wadogo, kwa vikapu, kwa kuwa hao hukomaa wakiwa wadogo hivyo hivyo. Kazi yangu ni kukagua vikapu. Kijiji kilinichagua kwa sababu moja: sisi tuliotoka Rwanda na ng'ombe wetu hatuli samaki. "Tumepata fisi asiyekula nyama," alisema mwenyekiti. Miaka yote hii hapa Bweranyange, na hiki ndicho cheo changu cha kwanza. Nakipenda.

Jumatano, 12 Agosti

Vikapu vizito. Wanawake wakanisalimu: "Shikamoo mzee wetu! Furu wamejaa mwaka huu!" Nimewapitisha wote. Nilifurahi nao.

Ijumaa, 14 Agosti

Si furu. Ni sato wachanga. Baitani, jirani yangu mvuvi, alifunua kikapu cha mmoja wa wale wanawake mbele yangu. Kisha akauliza kama kweli sikuona. Sikuona. Ndama mgonjwa namjua kwa mwendo, akiwa mbali. Samaki mdogo kwangu ni samaki mdogo tu. Wale wanawake walijua. Hasira. Zaidi, aibu.

Jumapili, 16 Agosti

Mkutano baada ya ibada. Mwenyekiti hakunikaripia. Alicheka, na hilo liliuma zaidi.

"Tumempa mchunga ng'ombe kuchunga samaki. Tulitegemea nini?"

Sauti nyuma: "Arudi kwao akahesabu pembe!"

Kicheko. Nilisimama. Nikaomba niondolewe mimi, awekwe mvuvi, lakini ghuba ibaki imefungwa. Baitani peke yake aliniunga mkono. Wengine waliuliza: kama wenzetu wameshakula, sisi tunalinda kwa ajili ya nani? Nikaketi. Mikono ikainuka. Ghuba imefunguliwa.

Jumanne, 25 Agosti

Wiki iliyopita, kelele na nyavu kila upande. Leo mitumbwi imerudi mapema, karibu mitupu.

Jioni kaja Baitani. Kijiji kimegawana samaki kwa kaya, na safari hii kaya yangu imo. Haijapata kuwamo.

"Mzee, fungu lako."

Sato wachanga, urefu wa kidole, ndani ya jani la mgomba. Nikikataa, nabaki mgeni. Nimepokea kwa mikono miwili. Nikashukuru. Akaenda zake.