Sahau: Tazama Futa

Baba Upendo,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako hapa Sakina, juu ya duka la vipuri, maana ya kwangu imejaa makaratasi na wewe hupo wa kunifokea. Nimekuja kuungama. Nilitakiwa kukuambia ukiwa hai, ila uliugua ukaenda haraka mno, na kosa langu lilikuwa halijaanza kuuma.

Unaukumbuka ule ukurasa wa amri mbili, Sahau na Futa? Ulitengeneza chombo cha kuwapa wasaidizi wa akili mnemba kumbukumbu, ili mtu asijieleze upya kila anapofungua simu. Kazi yangu ilikuwa kuandika mwongozo wake. Uliusoma, ukaja na kikombe chako cha chai ya tangawizi, ukaniuliza, "Naserian, inaondoa wapi? Kichwani au kabatini?" Kichwani ni yale msaidizi anayobeba wakati mnaongea. Kabatini ndiko yanakohifadhiwa yote. Sahau inatoa kichwani tu, kabatini yanabaki. Futa inatoa hadi kabatini. Mimi nilikuwa nimeandika maelezo ya Futa, halafu kwenye Sahau nikaweka maneno mawili: tazama Futa.

Nilikujibu kwamba msomaji ataelewa. Nilikujibu kwa kiburi, Baba Upendo, niache nikiri hivyo hivyo. Ukanitania kwamba sisi Waarusha tukishaona njia hatuulizi tena. Ulirudia kunikumbusha, tena na tena, na kila mara nilisema kesho.

Tukakuzika nyuma ya migomba, kwaya ya usharika ikaimba mpaka mvua ikaanza. Wiki hiyo hiyo Mama Upendo alifungua simu kumuuliza msaidizi habari za kahawa, naye akajibu, "Anaeli amesema safu ya chini isiguswe." Akikutaja kana kwamba umetoka kidogo tu. Mama aliiweka simu mezani, akatoka nje. Baadaye akamwomba Upendo amfanye msaidizi anyamaze kuhusu wewe, kwa muda tu, mpaka moyo utulie.

Binti yako akafungua mwongozo wangu. Akakuta amri mbili, na mimi nimemwambia ni kitu kimoja. Alipokuja ofisini, ameishika simu kwa mikono miwili, alisema, "Dada, nisingeweza kubonyeza sahau. Ni baba yangu. Nikaona afadhali futa, kama mtu anavyofuta vumbi."

Yamekwenda yote. Yale uliyokuwa unayasema asubuhi ukizunguka shambani na simu yako: mbuni upi uliukata na kwa nini, mfereji unageuziwa wapi zamu yenu ya maji ikifika, ng'ombe yupi hakubali kukamuliwa na mgeni. Nakala ofisini hakuna, wewe mwenyewe ulikataa. "Ya nyumbani yakae nyumbani," ulikuwa unasema, na mimi nilikuunga mkono.

Na unajua nilimwambia nini mtoto wako? Nilimwambia labda ni mtandao. Nilimwangalia usoni nikasema hivyo. Akanishukuru, akaenda zake. Ukurasa unaniuma, ila zile shukrani zake ndizo zinazonitafuna.

Jumamosi nikapanda mlimani, nyumbani kwako. Nilimkuta Mama Upendo anachambua maharage, Upendo yuko pembeni anamenya ndizi, nikawaeleza yote, na uongo wangu pia. Upendo aliweka kisu chini akaondoka. Mama alimaliza ungo wake kwanza. Kisha akasema, "Basi kalete daftari."

Tukazunguka shamba safu kwa safu, yeye anataja, mimi naandika. Mengi anayajua, kumbe mengine wewe uliyapata kwake. Tukafika safu ya chini. Kuna mibuni mitatu umeifunga kitambaa chekundu, kila mmoja kipande chake, na fundo lile lile. Nikamuuliza maana yake. Akashika fundo moja, akalizungusha zungusha kwa vidole. Hajui. Jioni akamuuliza Upendo, naye hajui. Msaidizi alikuwa anajua, na mimi ndiye niliyemziba mdomo.

Ukurasa nimeurekebisha. Kila amri ina maelezo yake, kichwani na kabatini, kwa maneno yako, na nimewaomba mafundi hiyo futa iulize mara mbili kabla ya kutii. Ungeusoma ungenyamaza tu, na kwako hiyo ndiyo ilikuwa sifa. Ilinichukua muda wa kunywa chai moja, Baba Upendo. Chai moja tu.

Upendo haniiti dada siku hizi. Anaitikia salamu, basi. Simlaumu.

Pumzika sasa, nimekuchosha. Vile vitambaa hatujavifungua. Nimemwahidi Mama, na wewe nakuahidi: kila msimu nitapanda kuiangalia mibuni yako mitatu. Ikichanua kabla ya mingine nitaandika, ikiugua nitaandika, ikikataa kuzaa nitaandika. Na siku tukijua ulikuwa umeona nini pale, wa kwanza kuambiwa ni Upendo, na nitamwambia nikimwangalia usoni.

Mwanafunzi wako asiyeuliza njia,
Naserian