Jiwe la Shemeji

Mwenzangu, uko wapi?

Wamempiga dada. Mlangoni pa mahakama, mchana kweupe. Na waliompiga ni watu wetu wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Si unajua kwenye kesi yetu ya kupinga uchaguzi yeye ndiye shahidi pekee aliyeona kura zikiongezwa kituoni? Basi kabla hajaitwa akaenda chooni, na choo cha wanawake kiko upande waliokaa wale walioshinda. Akatokea mlango wao. Mtu akasema, "Huyo kashanunuliwa."

Hawakuuliza la pili. Wakamvuta nywele, wakamwangusha, wakamkanyaga.

Shemeji alikuwa nyuma, haoni anayepigwa ni nani. Mume wake, mwenzangu. Mume wake. Akaokota jiwe. "Mpeni adabu msaliti!" Likampata dada kwenye taya, taya likavunjika.

Jaji alipomwita, dada alikuwa amezimia kwenye gari la wagonjwa. Wakili akaomba siku nyingine, jaji akasema muda umekwisha. Kesi ikatupwa.

Sasa tuko hospitali. Shemeji amepiga magoti, analia: "Mke wangu, sikujua ni wewe."

Dada hawezi kusema. Amechukua simu yangu, akamwandikia: "Na angekuwa mwingine?"